Kusaka Hewa Haramu: Uvujaji wa Vakyumu Kwenye Injini ya Gari la Zamani

Gari lenye umri mkubwa likianza kutetemeka linaposimama kwenye foleni, mizunguko ya injini ikipanda na kushuka yenyewe, au injini ikizimika kila mguu unapoondolewa kwenye pedeli ya mafuta, mwenye gari huwa mwepesi wa kukimbilia vipuri: plagi mpya, nyaya mpya za plagi, sensa ya oksijeni, pampu ya mafuta. Vipuri hivyo huchakaa, na wakati mwingine ndivyo vyenye kosa. Hata hivyo, nimeshughulika na injini za zamani nyumbani kwa muda wa kutosha kuamini kwamba dalili hizo zinapojitokeza kwenye sailensi, yaani wakati injini inanguruma bila mtu kukanyaga mafuta, kisha zikapungua gari likiwa mwendoni, jambo la kwanza kushuku ni hewa inayoingia ndani ya injini kwa njia isiyo yake. Plagi mpya haizibi tundu. Naamini pia kwamba kazi ya kulitafuta tundu hilo inawezekana nyumbani kwa vifaa vichache, mradi mtu akubali kupima kabla ya kufungua chochote na kutenga sehemu moja baada ya nyingine badala ya kubahatisha.

Injini ya petroli huendeshwa kwa kunyimwa hewa. Pistoni inaposhuka hutafuta hewa ya kujaza silinda, lakini throtoli, kile kibati cha mviringo kinachofunguka tunapokanyaga mafuta, huwa karibu kimefungwa kabisa kwenye sailensi. Pistoni huendelea kuvuta huku njia imebanwa, kama mtu anayevuta bomba la sindano akiwa ameziba ncha yake kwa kidole, na mgandamizo ndani ya manifodi ya kuingizia hewa, yaani mabomba yanayoigawa hewa kwenye silinda, hushuka sana chini ya ule wa nje. Upungufu huo ndio vakyumu. Kwenye usawa wa bahari hewa ya nje ina mgandamizo wa takriban kilopaskali 101, ilhali ndani ya manifodi ya injini nzima, iliyokwisha kupata moto na inayonguruma kwenye sailensi, kwa kawaida mna kilopaskali kati ya 30 na 45 tu.

Tofauti hiyo ina matokeo ambayo yanafaa kueleweka mapema, kwa sababu ndiyo yanayoeleza tabia yote ya ugonjwa huu. Mgandamizo wa ndani unapokuwa chini ya takriban asilimia 53 ya ule wa nje, hewa inayopenya kwenye tundu dogo hufikia kasi ya sauti, na kuanzia hapo kiasi chake hakiongezeki tena hata vakyumu ikizidi kuwa kali. Ndiyo maana uvujaji mara nyingi hutoa mluzi au sauti ya kufoka, na ndiyo maana tundu huingiza karibu kiasi kilekile cha hewa wakati wote injini ikiwa kwenye sailensi. Tundu lenye kipenyo cha milimita 3 linaweza kuingiza zaidi ya gramu 1 ya hewa kila sekunde. Injini ya lita 2 kwenye sailensi hutumia takriban gramu 2 hadi 4 kwa sekunde, kwa hiyo tundu ambalo mtu angeliziba kwa ncha ya kidole chake cha mwisho linaweza kuleta theluthi moja ya hewa yote au zaidi. Gari likiwa mwendoni, throtoli ikiwa imefunguka na injini ikimeza gramu makumi kwa sekunde, tundu lilelile linakuwa jambo dogo lisiloweza kuhisiwa. Uvujaji ni suala la uwiano, na uwiano huo huwa mbaya zaidi pale injini inapohitaji hewa kidogo.

Hewa hiyo ya ziada huharibu mchanganyiko. Petroli huungua kikamilifu takriban gramu 14.7 za hewa zinapokutana na gramu 1 ya mafuta, na hewa ikizidi, cheche hushindwa kuwasha mchanganyiko katika baadhi ya mizunguko. Hapo ndipo injini inapoanza kumisi, kutetemeka, na pengine kupiga mlipuko mdogo unaorudi kwenye njia ya hewa. Lakini namna ugonjwa unavyojionyesha hutegemea jinsi injini inavyojua imevuta hewa kiasi gani, na hapa ningependa msomaji asiharakishe, kwa kuwa watu wengi hupoteza muda wakitafuta dalili za injini ya aina moja kwenye injini ya aina nyingine.

Kabureta haijui lolote kuhusu hewa isiyopita kwenye koo lake. Hewa ikiingia chini yake, mafuta hayaongezeki, mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inatetemeka na kuzima, na mara nyingi hukubali kunguruma vizuri pale tu choki inapovutwa nusu. Injini yenye sensa ya MAF, ambayo hupima uzito wa hewa kwenye mlango wa kuingilia, ina udhaifu unaofanana na huo: hewa inayoingia baada ya sensa haihesabiwi, kompyuta hutoa mafuta ya hewa iliyohesabiwa pekee, kisha sensa ya oksijeni kwenye ekzosi hugundua upungufu na kuilazimisha kompyuta kuongeza mafuta. Injini inayotegemea sensa ya MAP ni tofauti kabisa. Sensa hiyo hupima mgandamizo ndani ya manifodi, na uvujaji unapoupandisha mgandamizo huo, kompyuta huamini kwamba dereva amekanyaga mafuta, hivyo huongeza petroli sawasawa na hewa iliyoingia. Mchanganyiko hubaki karibu sahihi, na dalili kubwa huwa ni sailensi iliyo juu kuliko kawaida, isiyotaka kushuka. Mtu aliye na gari la MAP anayesubiri taa ya mchanganyiko mwepesi iwake anaweza kusubiri mwaka mzima.

Kifaa ninachokithamini kuliko vyote katika kazi hii ni geji ya vakyumu. Kwa kawaida ndani yake mna mrija uliopindwa wa aina ambayo Mfaransa Eugène Bourdon aliipatia hataza mwaka 1849, na haihitaji betri wala programu. Huunganishwa kwenye tundu lolote la manifodi lililo upande wa injini baada ya throtoli, kisha injini huachwa ipate moto kamili. Injini nzima kwenye usawa wa bahari huonyesha vakyumu ya kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, kizio ambacho inchi moja yake ni takriban kilopaskali 3.4, mshale ukiwa umetulia. Anayeishi mahali pa juu aondoe takriban inchi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko, maana geji hupima tofauti kati ya ndani na nje, na hewa ya nje milimani ni nyepesi zaidi. Injini yenye afya kamili kwenye mwinuko wa mita 1,500 inaweza kusoma inchi 14 au 15 bila kuwa na kasoro yoyote.

Mshale uliotulia lakini uko chini, tuseme inchi 12 mahali ambapo ungepaswa kuwa 18, unaelekeza kwenye uvujaji au kwenye taimingi iliyochelewa, iwe ya cheche au ya vali. Mshale unaoanguka ghafla na kurudi kwa mpangilio unaelekeza kwenye vali iliyoungua au isiyokaa vizuri. Mizunguko ikishikiliwa kwenye 2,500 kwa dakika na mshale ukawa unashuka polepole, ekzosi inaweza kuwa imeziba. Nayataja haya kwa sababu geji huonyesha uvujaji na pia huuondoa kwenye orodha ya washukiwa, na kuuondoa kuna thamani ileile. Nimeona siku nzima ikiteketea kwenye mipira ya vakyumu isiyo na kosa ilhali mshale uliokuwa ukirukaruka ulikuwa umekwisha kusema kwamba tatizo liko kwenye vali.

Kwa magari yaliyo na soketi ya uchunguzi ya OBD-II, ambayo ililazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996 na katika Umoja wa Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia mwaka 2001, kuna ushahidi wa pili. Kompyuta huandika asilimia ya mafuta inayoongeza au kupunguza ili kurekebisha mchanganyiko, ya muda mfupi na ya muda mrefu, na skana ndogo ya bei nafuu huweza kuisoma. Jumla ya asilimia hizo mbili ikiwa karibu na sifuri, mambo ni mazuri. Ikipita 10 kwa upande wa kuongeza, kuna jambo. Kinachotofautisha uvujaji na magonjwa mengine ni mwenendo wa namba hizo mizunguko inapopanda. Kwenye injini ya MAF yenye uvujaji, namba huwa kubwa kwenye sailensi, kwa mfano asilimia 22, kisha hushuka kuelekea 5 au chini ya hapo mizunguko ikishikiliwa kwenye 2,500. Pampu dhaifu ya mafuta au chujio lililoziba huonyesha kinyume chake: namba hupanda kadiri injini inavyodai mafuta zaidi. Jaribio hilo moja, ambalo ni la dakika chache, limewaokoa watu wengi na gharama ya pampu wasiyoihitaji.

Nambari za hitilafu nazo zina lugha yake. P0171 ni mchanganyiko mwepesi upande wa kwanza wa injini, P0174 ni upande wa pili kwenye injini za umbo la V. Zikija pamoja, tundu huenda liko mahali panapolisha pande zote mbili, kama vile mpira mkubwa kati ya sensa na throtoli. Ikija moja peke yake, natazama gasketi ya manifodi ya upande huo. P0507, ambayo ni sailensi iliyo juu kuliko inavyotakiwa, ni rafiki wa injini za MAP, kwa kuwa husema kwamba kompyuta imekwisha kufunga njia yake ya hewa ya sailensi na bado hewa inaingia.

Baada ya kuthibitisha kwamba uvujaji upo, kazi ni kuugawanya mfumo. Manifodi ya gari la zamani ina mipira mingi inayotoka kwayo: wa kwenda kwenye busta ya breki, yaani kifaa kinachoupa mguu nguvu ya ziada ya kufunga breki, wa vali ya PCV inayonyonya mvuke kutoka chumba cha shafti, wa tangi la mkaa linalonasa mvuke wa petroli, wa distributa inayogawa cheche kwenye plagi, wa regyuleta inayodhibiti mgandamizo wa mafuta, wa vali ya EGR inayorudisha sehemu ya gesi za ekzosi ndani ya injini, na katika baadhi ya magari mipira membamba inayoendesha vilango vya hita ndani ya kabini. Mimi huubana kila mpira karibu na manifodi kwa koleo lenye midomo mipana, nikiwa nimeukinga kwa kitambaa, na huangalia geji au namba za mafuta. Mpira mgumu uliokwisha kukakamaa haufai kubanwa kwa sababu utapasuka. Huo ninauchomoa na kuliziba tundu la manifodi kwa kifuniko cha mpira. Injini ikitulia au mshale ukipanda, tundu liko upande wa mbali wa mahali nilipobana. Ikiwa mipira yote imezibwa na mshale haujasogea, basi ugonjwa uko kwenye mwili wenyewe: gasketi ya manifodi, gasketi ya throtoli au ya kabureta, sili za injekta, au ekseli ya throtoli iliyolika. Kugawanya kwa namna hii hakuhitaji ustadi mkubwa, kunahitaji uvumilivu na karatasi ya kuandikia.

Busta ya breki inastahili uangalifu wa pekee, kwa kuwa hapo suala si sailensi tu bali ni uhai wa watu. Injini ikiwa imezimwa, pedeli ya breki hukanyagwa mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha hushikiliwa chini kwa mguu wakati injini inawashwa; pedeli inapaswa kuzama kidogo mara vakyumu inapofika. Isipozama, aidha vakyumu haifiki au kiwambo cha ndani kimepasuka. Sauti ya kufoka kwenye sehemu ya miguu, inayobadilika pedeli inapokanyagwa, ni dalili ya kiwambo hicho. Mpira wa busta ukibadilishwa, ni lazima uwekwe ule uliotengenezwa kwa ajili ya vakyumu ya breki, kwa sababu mpira wa kawaida wa maji ya hita hulainika na kujikunja kuta zikagusana, na dereva akabaki bila msaada wa breki siku anayouhitaji. Hapa sioni nafasi ya kubana matumizi.

Sasa niseme kuhusu chupa ya kupulizia, kwa sababu ndiyo njia inayojulikana zaidi. Mtu hupuliza kisafishia kabureta kuzunguka gasketi na mipira injini ikiwa inanguruma, na mahali ambapo mizunguko inabadilika ndipo penye tundu. Njia hiyo hufanya kazi kwenye kabureta. Kwenye injini zenye kompyuta huweza kudanganya, kwa sababu udhibiti wa sailensi hurekebisha mizunguko kabla sikio halijatambua badiliko. Hapo ni afadhali kutazama volti ya sensa ya oksijeni, ambayo katika sensa nyingi za magari ya zamani hukaa kati ya takriban 0.1 na 0.9, na hupanda juu ya 0.45 mara mvuke unapoingizwa. Lakini pingamizi langu kubwa ni moto. Dawa hizo huwaka, manifodi ya ekzosi mara nyingi iko sentimita chache kutoka ile ya kuingizia hewa, na nyaya za plagi za zamani huvujisha cheche. Baadhi ya visafishia breki vina klorini, na vikikutana na joto kali au moto huweza kutoa fosjini, gesi yenye sumu inayoharibu mapafu. Naiweka njia hii mwisho, na pale ninapohitaji kitu cha kupulizia naanza na maji safi ya chupa yenye mdomo wa mvuke. Maji huziba tundu dogo kwa muda mfupi, mluzi hubadilika au kukoma, na hakuna kinachowaka. Kinachotakiwa ni kutolowesha koili na distributa.

Kusikiliza nako kusidharauliwe. Kipande cha mpira mwembamba wa urefu wa mkono, ncha moja karibu na sikio na nyingine ikipitishwa polepole kando ya gasketi na viungio, hutenganisha mluzi na kelele za mkanda na alterneta kwa namna inayoshangaza. Ncha hiyo ikae mbali na feni na mikanda, na injini ingurume mahali penye hewa ya wazi, kwa maana monoksidi ya kaboni haina harufu.

Moshi ndiyo njia inayonipa utulivu wa moyo, na ndiyo ningeipendekeza kwa mtu yeyote anayekusudia kulitunza gari la zamani kwa miaka. Injini huzimwa na kuachwa ipoe, mlango wa hewa huzibwa baada ya chujio kwa glavu ya mpira iliyofungwa kwa klipu, na moshi huingizwa ndani ya manifodi kupitia tundu la mpira wa busta. Throtoli huachwa imefunguka kidogo ili moshi ufike pande zote mbili. Moshi wenyewe hutengenezwa kwa kupasha joto mafuta ya madini mepesi, kama yale ya kupaka watoto, juu ya utambi ndani ya kopo la chuma lililofungwa, kwa kutumia plagi ya joto ya injini ya dizeli au waya wa kupashia unaoendeshwa kwa betri ya volti 12, huku pampu ndogo ya hewa ikiusukuma nje. Mgandamizo unapaswa kuwa mdogo sana, chini ya kilopaskali 7. Anayetumia kompresa bila kuipunguza nguvu hadi kiwango hicho atang'oa sili zilizokuwa salama na kujitengenezea matundu mapya. Kopo la moto lenye mafuta linakaa mbali na gari, mpira mrefu ukiwa kati yake na injini, na kizima moto kikiwa karibu, kwa kuwa mvuke wa mafuta nao huwaka.

Baada ya dakika moja au mbili moshi huanza kujitokeza, na hapo taa kali inayomulika kwa pembeni huonyesha uzi mwembamba usioonekana mchana. Lazima kutofautisha moshi wenye maana na usio na maana. Ukitoka kwenye bomba la ekzosi, kwa kawaida ni kwa sababu kuna silinda iliyosimama vali zake zote mbili zikiwa wazi kidogo. Kuigeuza injini kidogo kwa spana kwenye puli ya shafti huukomesha au huupunguza. Ukitoka kwenye kijiti cha kupimia oili au kifuniko cha oili, umepita kwenye mfumo wa PCV. Katika injini nyingi za MAF huo ni uvujaji halisi, kwa kuwa hewa inayoingia chumba cha shafti kupitia oringi iliyokufa ya kijiti huvutwa hadi kwenye manifodi bila kuhesabiwa. Wengi hulipuuza hilo kwa kudhani kijiti cha oili hakihusiani na mchanganyiko wa mafuta.

Gari langu mwenyewe lilinifundisha thamani ya moshi. Lilikuwa na sensa ya MAF, na namba za mafuta kwenye sailensi zilikuwa juu asubuhi, zikashuka injini ilipopata moto, kisha zikapanda tena siku nyingine bila mpangilio. Kubana mipira kulionyesha kwamba tatizo liko upande wa PCV, lakini mpira wenyewe ulionekana mzima kila nilipoutazama kutoka juu, na vali yake ilikuwa safi, kidude chake cha ndani kikigonga vizuri nilipoitikisa. Moshi ulitoka chini ya kiwiko cha mpira, upande unaotazama bloku ya injini, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo. Ufa ulikuwa umefuata mkunjo wa kiwiko, ukifunguka pale injini ilipojisogeza kwenye maunti zake na kufunga ilipotulia. Mpira wa PCV hufia upande wa chini kwa sababu huko ndiko mvuke wa oili hujikusanya, na oili hulainisha mpira wa aina isiyostahili mpaka uwe kama utomvu.

Hilo linanileta kwenye sababu za uchakavu, ambazo zinaeleza pa kutazama kwanza. Joto hukausha mpira na kuufanya mgumu, ozoni iliyomo hewani huupasua pale unapokunjwa, na oili huulainisha. Ncha za mipira hupasuka kabla ya katikati kwa kuwa huko ndiko zimetanuliwa juu ya chuma, na mara nyingi kukata sentimita moja ya ncha iliyochoka ni dawa tosha ikiwa urefu unaruhusu. Viungio vya plastiki hupoteza unyumbufu na kuvunjika mara vinapoguswa, kwa hiyo ni busara kuwa navyo vipya kabla ya kuvigusa vya zamani. Gasketi ya manifodi ya alumini iliyofungwa kwenye kichwa cha chuma cha kutupwa husuguliwa kila injini inapopata moto na kupoa, kwa sababu alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma hicho. Ndiyo maana kuna uvujaji unaoonekana injini ikiwa baridi tu na kuponyoka ikipata moto. Anayepima injini ya moto pekee anaweza kuapa kwamba gari lake ni zima.

Kuna sehemu mbili nyingine ambazo watu husahau. Vali inayoruhusu mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi la mkaa inapaswa kuwa imefungwa injini inapowashwa ikiwa baridi. Ukichomoa mpira wake wa upande wa tangi na ukahisi kidole kinavutwa, vali imekwama wazi. Mara nyingi dalili yake ni gari linalosumbua kuwaka mara tu baada ya kujaza mafuta. Ya pili ni kiwambo cha vakyumu cha distributa kwenye magari ya kabureta. Kivute kwa pampu ya mkono. Kisiposhika vakyumu, kimepasuka. Lakini katika magari mengi mpira wake umeunganishwa juu ya throtoli, mahali ambapo kwenye sailensi hakuna vakyumu yoyote, na uvujaji wake hujitokeza throtoli ikifunguliwa kidogo tu. Kwa kosa kama hilo, kanuni yote niliyoieleza kuhusu sailensi hugeuka.

Marekebisho yenyewe si marefu. Gasketi mpya huwekwa juu ya uso uliosafishwa na kuthibitishwa kuwa umenyooka kwa rula ya chuma, na boliti hukazwa kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje, kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji. Kabureta inayovuja kwenye kitako haiponi kwa kukaza zaidi. Kukaza kupita kiasi hupinda masikio yake na kuongeza pengo. Ekseli ya throtoli iliyolika huhitaji kutobolewa na kuwekewa bushi mpya, kazi ya fundi mwenye mashine. Gundi ya silikoni iliyopakwa nje ya ufa siipendekezi hata kidogo: vakyumu huivuta ndani, mvuke wa petroli huilainisha, na kipande chake kikinyofoka huingia kwenye vali.

Kazi ambayo mara nyingi huachwa ni kufuta marekebisho yaliyofanywa zamani ili kuuficha uvujaji. Gari lililovuja kwa miaka huwa limepita mikononi mwa mtu aliyeongeza skrubu ya sailensi, aliyefungua skrubu ya mchanganyiko ya kabureta, au aliyezungusha distributa ili injini isizime. Tundu likizibwa, marekebisho hayo huwa makosa mapya, na injini hunguruma kwa mafuta mengi mno, moshi mweusi na harufu ya petroli, mwenye gari akidhani ameharibu kitu. Skrubu zirudishwe kwenye vipimo vya kitabu cha gari, taimingi ipimwe kwa taa yake, na kwenye magari yenye kompyuta kumbukumbu ya marekebisho ya mafuta ifutwe kwa skana ili ijifunze upya. Baada ya hapo napima tena geji na namba za mafuta mara mbili, asubuhi injini ikiwa baridi kabisa na tena ikiwa imepata moto kamili, na ninaandika matokeo yote mawili kwenye kipande cha karatasi kinachokaa ndani ya boneti, ili atakayepima mwakani awe na kipimo cha kulinganisha cha injini hiyohiyo.